Mtoto hainui mkono wa kulia, naombeni ushauri

UmmuKonde: Asalaam aleykum. Nipo Pemba, upande wa Konde. Mwanangu mchanga hainui mkono wa kulia. Wa kushoto anaurusha, ananivuta ushungi; wa kulia umelala ubavuni, umejipinda kwa ndani, kiganja kinatazama nyuma. Vidole anafumba. Halii ukimshika. Nimpeleke kwa mkandaji au nisubiri? Mkwe wangu anasema ni baridi tu. Usingizi sina.

KijanaWaGombani: Waleykum salaam. Hilo jicho, dada. Alitolewa nje magharibi?

MamaMapacha: Pole shoga. Wangu wa kwanza alitoka na uvimbe upande mmoja wa kichwa, mkubwa kama yai la bata. Tukaambiwa ni damu imekusanyika juu ya mfupa, isiguswe, itanywea wenyewe. Ikanywea kweli, lakini kabla ya hapo macho yaligeuka manjano tukalazwa siku tatu. Bibi yake alitaka kuukanda kwa maji ya moto. Mume wangu, mpole yule, siku hiyo alikaa mlangoni na bakora.

MkungaMstaafu: Mwanangu, mkono huo ulikuwa hivyo tangu siku ya kwanza? Ana umri gani? Alizaliwa na kilo ngapi?

UmmuKonde: Kilo tatu na kitu. Nilizaa kawaida. Mimi nimeuliza habari ya mkandaji.

MkungaMstaafu: Na kitu gani? Fungua kadi.

UmmuKonde: Haya. 4.7. Kichwa kilitoka mabega yakakwama. Mmoja akanikunja magoti mpaka kifuani, mwengine akanikandamiza juu ya kinena. Jina la hospitali silitaji. Mkono uko hivyo tangu siku ile. Sasa ana wiki 11. Tulipewa miadi ya mazoezi ya viungo akiwa na wiki 3, sikwenda. Msinisute. Arubaini yangu ilikuwa haijesha, na mume yuko dago, kambi ya wavuvi. Mkandaji keshakuja mara mbili, Alhamisi anakuja kuufunga ubao, pesa keshachukua. Ana mkono mwepesi, kila mtu anamsifu.

AbuuSwabri: Mume dago, mkwe ndiye daktari. Ndoa za siku hizi!

MkungaMstaafu: Abuu, tupishe. Mwanangu, ungekuwa mtulinga, mfupa wa juu ya kifua kuelekea begani, umevunjika, angelia siku za mwanzo ukimgusa, na baada ya wiki mbili tatu ungekuwa umeunga. Hii ni mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kushuka mkononi. Bega likikwama, inavutwa. Wengi hupona. Kwamba vidole anafumba ni dalili njema. Mimi nataka kujua kiwiko: anakikunja mwenyewe? Akifika miezi 3 hakikunji, lazima aonwe na daktari bingwa, maana upasuaji wa mishipa hiyo una wakati wake. Ukipita, misuli inakuwa imeshasinyaa. Umebakiwa na siku, si miezi. Tazama na kope la jicho la upande huo. Likiwa limelegea, mwambie daktari. Ubao usifungwe: utakaza bega, na anachohitaji ni kiungo kichezeshwe taratibu, ufundishwe namna yake. Ukimvalisha anza na mkono huo, ukimvua umalizie nao. Usimnyanyue kwa kwapa. Na wewe ukapime sukari, kilo 4.7 hazitoki hewani.

MzeeWaDarajani: Jamani mnauziwa mbuzi kwenye gunia. Akaunti hii hii Ramadhani iliyopita iliuliza bei ya mwani ikasema "mke wangu mjamzito". Mke! Na mzazi gani anaandika "kiganja kinatazama nyuma"? Huyo kanakili mahali.

KijanaWaGombani: 😂😂 Mwani umezaa!

MamaMapacha: Hata mimi nimeanza kushtuka. Shoga, sema kweli.

UmmuKonde: Akaunti ni ya mume wangu, kaniachia simu, jina nimebadilisha mimi juzi. Mke aliyemuandika ndiye huyu. Kiganja nimekiandika hivyo kwa kuwa nakitazama usiku kucha. Jana mlango ulibamizwa na upepo, mtoto akashtuka: mkono wa kushoto ukafunguka wote kama anayepokea mgeni. Wa kulia haukujua kama kuna aliyebisha. Na kiwiko, bibi, hakunji. Ndiyo maana sikutaka kusema wiki.

MzeeWaDarajani: Weka picha ya kadi, nitaomba radhi.

MkungaMstaafu: Kadi usiweke hapa. Ichukue kesho hospitali ya Chake Chake, useme hayo ya mabega na wiki, usiseme "na kitu". Wakikuandikia kwenda Unguja, usingoje mtu arudi dago.

UmmuKonde: Mkwe kanyamaza tangu nimsomee. Gari ya saa kumi na mbili naiwahi. Lakini bibi, mkandaji nikimkataza, pesa atarudisha?

KijanaWaGombani: Dada, mkandaji arudishe pesa, Pemba hii? Panda gari.