Uso unachoma baada ya kupuliza dawa ya kunguni, ni aleji ama sumu?

nyar_nyalenda:
Wadau hamjambo, naomba msaada. Kunguni wametusumbua huku Nyalenda, Kisumu, hadi juzi tukapuliza godoro, kitanda na zile nyufa za ukuta, tukakaa nje mpaka jioni ndio tukaingia tukatandika tukalala. Usiku uso ukaanza kunichoma kama nimepakwa pilipili, hasa mashavu na kando ya mdomo, nikinawa ndio inazidi na ukiangalia huoni kitu, si upele si uvimbe. Mtoto wangu wa nasari naye ametoka vipele vyekundu mgongoni na mapajani. Mkebe umeandikwa saipamethrini na tetramethrini. Jirani mmoja anasema ni aleji, mwingine anasema tupake mafuta ya taa. Na godoro nitupe?

kemisti_kondele:
Pole sana dada. Mafuta ya taa hapana kabisa, yenyewe yanaunguza ngozi, na spre nyingi tayari zina mafuta ya jamii hiyo hiyo ndani. Halafu ya kwako na ya mtoto naona ni vitu viwili. Hizo dawa mbili ni pairethroidi, zinaua mdudu kwa kuvuruga neva zake, sasa zikishika ngozi ya mtu zinashtua neva za hapo juu unasikia moto ama sindano sindano na ngozi iko sawa tu. Huanza masaa kadhaa baadaye, uso ndio huumia zaidi kwa sababu mtu anajipangusa na mkono wenye dawa, na jua, jasho na maji ya moto vinaichochea. Kawaida inaisha ndani ya masaa 24 hivi. Osha mara moja na sabuni na maji baridi, kisha paka mafuta yenye vitamini E, ukikosa hata mafuta ya kupikia yanatuliza. Tembe za aleji hazitasaidia sana hapo.

Mtoto mwogeshe, badilisha nguo na shuka zote, asilale hapo leo, na aonwe zahanati. Usimpake krimu ya steroidi ya kuazima.

molo_juu:
Naongezea kidogo maana huku kwetu tunalima pareto, ile maua pairethroidi ziliigwa kutoka kwake. Kuna wachumaji mikono inawasha na kupasuka, wengine kifua kinabana, kwa hivyo mtu asikudanganye eti ya asili haina madhara. Ile sasa ndio aleji yenyewe, ukishaipata kila ukigusa inarudi. Kama kuna mtu wa asma kwa nyumba atoke kabla hamjapuliza, na paka pia, permethrini inaua paka.

jatelo254:
Nyar, angalia vile vipele vimekaa. Kama ni mstari mmoja umeungua na una malengelenge basi si spre, hiyo ni nairobi flai, kale kadudu keusi na rangi ya chungwa kanajaa mvua ikinyesha. Hakaumi, ni ukikaponda ndio maji yake yanaunguza na alama hutokea kesho yake ama keshokutwa. Kapulize na mdomo katoke.

nyar_nyalenda:
Si mstari, vimetapakaa pale analalia. Ametulia lakini anajikuna. Asanteni, nampeleka kwa dani (nyanya) yake alale huko, asubuhi tunaenda zahanati.

kemisti_kondele:
Basi inaonekana ni godoro, na kama hao kunguni bado wako hai wanaweza kuwa wamemuuma pia. Beba mkebe waone dawa gani. Ila akianza kutapika, kukohoa, mate kutoka sana, kutoa jasho bila sababu ama kupumua kwa shida usingoje asubuhi. Nasema hivi kwa sababu sokoni kuna vichupa havina lebo, vingine ni DDVP, hiyo ni oganofosfeti, jamii nyingine ya sumu ya wadudu iliyo kali kwa watu, na huingia mwilini kupitia ngozi, si ya kuweka kwa kitanda kabisa. Dawa iliyosajiliwa ina namba ya PCPB, ile bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu, kwa lebo, ukikosa namba acha.

Godoro usitupe. Lianike juani siku nzima, madirisha wazi, na usipulize tena juu yake maana kunguni wengi wamezoea pairethroidi na wewe ndio utaumia bure. Shuka na neti... hapana neti soma lebo kwanza, zile zenye dawa hazitaki maji ya moto. Shuka ndio fua na maji ya moto sana.

nyar_nyalenda:
Sawa doc. Uso umeanza kupoa na mafuta.