Tupeane uzoefu: unaipoozaje bia ya kupika nyumbani kwenye joto hili la Tabora na Kigoma?

Kiloleni Kwetu
Wakuu habari za jioni. Oktoba imeingia na mnaijua Oktoba ya Tabora ilivyo, mchana 32 na saa nne usiku ukuta bado unatoa moto. Mwaka jana kipindi kama hiki nilipika lita 20, kimea cha shayiri nilitumiwa kwa treni kutoka Dar, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) nimembembeleza mshkaji wiki nzima, nikatia hamira, ndoo nikaiweka stoo chini ya bati nikaenda zangu kulala. Kesho yake nabandika kipimajoto ubavuni kinasoma 31. Povu linatoka kama limetumwa na mimi nachekelea nikijua mambo si ndo hayo. Kuja kufungua chupa ya kwanza inanukia ndizi mbivu halafu nyuma yake thina ya fundi rangi, glasi mbili tu asubuhi kichwa kinatwanga kama kinu.

Baadae ndo nikaelewa, hamira ikipata joto inafanya kazi kwa pupa na inaacha zile spiriti nzito zinazopiga kichwa. Na ndoo yenyewe inajipasha, ikiwa imekolea inaweza kuzidi chumba kwa digrii 3 hadi 5, kwa hiyo ukipima hewa ya chumba unajidanganya. Hizi hamira za kawaida za eli, yaani bia isiyohitaji baridi kali kuchachuka, zinataka kama 18 hadi 22.

Sasa hivi ndoo naikalisha kwenye beseni la kufulia lenye maji, naivisha fulana ya kampeni (chama sisemi) pindo linazama majini, linanyonya lenyewe, feni inapuliza pembeni. Inashuka digrii 5 mpaka 6 maana hewa yetu saa hizi kavu, maji yanakauka upesi na yanaondoka na joto. Haya shusheni na nyie.

Mgebuka
Mkuu hiyo ya fulana huku Kigoma inagoma. Nipo Mwanga, hewa ya ziwa ina majimaji, fulana inakaa imelowa tu haikauki, nilipata digrii 2 na ukungu juu. Nikasema isiwe shida ziwa si lipo, nikabeba madumu ya maji ya Tanganyika nikajaza pipa nikazamisha ndoo humo, kuja kupima yale maji yenyewe 26! Ziwa refu kwenda chini kuliko yote Afrika lakini hapo juu unapochota wewe ni uji wa vuguvugu. Mke wangu anacheka mpaka leo.

Pipa sikulitupa lakini, maji mengi hayapandi joto haraka, hiyo ndo faida yake. Sasa natumbukiza chupa za maji za lita moja na nusu zilizoganda, mbili asubuhi mbili usiku, nyingine nne ziko friza zinasubiri zamu. Inakaa 20 au 21. Umeme ukikatika nanunua barafu kwa wauza samaki, nafunga kwenye mfuko mara mbili, si unajua tena harufu.

Embe Bolibo
Mi napika Juni na Julai basi. Usiku baridi, ndoo sakafuni kwenye sementi, sina beseni sina presha.

Mjukuu wa Sikonge
Embe Bolibo umenikumbusha bibi. Kwetu ni asali, bibi alikuwa anatengeneza wanzuki, pombe ya asali, na alikuwa hajui digrii ni kitu gani ila mtungi wake alikuwa anaufukia nusu ardhini chini ya mwembe, upande jua lisikofika, na kila jioni anatutuma tumwagie maji pale kwenye mchanga. Mtungi usiopakwa kitu unatoa jasho, lile jasho ndo fulana ya kampeni ya mkuu hapo juu. Alikuwa anasema wanzuki wa kwenye nyumba ya bati ni wa kugombanisha watu. Nilijaribu ndoo ya plastiki kwenye shimo lile lile, matokeo nusu nusu, plastiki haitoi jasho ila udongo ulinisaidia isipande na kushuka ovyo. Mchwa ndo walinitoa mbio.

Mdau wa Gungu
Swali la kijinga wakuu, kwa nini msitie kwenye friji yaishe?

Fundi Friji
Sio la kijinga, mimi yamenikuta. Nilinunua friji bovu la soda nikalifufua, nikaona raha nikaweka 10, nikijua baridi ndo uzuri wa bia. Hamira ya eli kwenye 10 inalala usingizi. Povu likanyamaza, mimi nikadhani imemaliza kazi nikajaza chupa 40 na sukari juu. Chupa zikaenda chumbani kwenye joto, hamira ikaamka ikakuta sukari yake yote bado ipo... saa nane usiku paa! paa! Jirani katoka na panga anajua majambazi, chupa kumi na moja, vioo mpaka kwenye neti. Ukitumia friji funga temostati (inaliwasha na kulizima kufuata joto), na kile kidude cha kupimia kibandike ubavuni mwa ndoo ukifunike na sponji, usikiache kinaning'inia hewani. Na usijaze chupa mpaka haidromita, kile kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile siku tatu.

Mgebuka
Chupa kumi na moja 😂😂 pole kaka

Mshumaa
Mi nimesalimu amri. Kuna hamira ya mashambani kwa watu wa Norwe inaitwa kveik, inapenda 30 mpaka 40, nyingine zinaacha ladha ya chungwa. Paketi ni nyepesi, ndugu yeyote anayetoka nje anaweka kwenye begi. Ndoo naiacha jikoni. Ila laga, ile bia ya kuchachushwa kwenye baridi, usiote kwa hiyo njia.

Kiloleni Kwetu
Mshumaa hiyo nitakutafuta inbox. Nimesahau kitu, mabeseni yetu haya yanazaa mbu, siku ya tano nilikuta mabuu yanacheza, tieni jiki kidogo au badilisheni maji. Na pooza uji wa kimea mpaka 20 KABLA ya kutia hamira, ukiitia kwenye 30 ukitegemea beseni litashusha umeshachelewa, siku tatu za kwanza ndo zinaamua ladha. Baada ya hapo hata ikipanda mpaka 23 mimi huwa naiacha imalizie.

Nimeweka nyingine jana. Saa hii inasoma 21 na feni imezima, umeme umekatika mtaa mzima, nipo hapa napepea ndoo kwa mfuniko wa sufuria.