Naomba ushauri: ukumbi ulicheka pale nilipodhani utanyamaza

Mwandalizi:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mmoja wa waandaaji wa klabu ndogo ya filamu ambayo huonyesha kila filamu mara mbili, kwa kuwa ukumbi wetu hautoshi wanachama wote kwa siku moja, na baada ya kila onyesho tunabaki kwa muda wa saa moja hivi kujadiliana. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa yangu, nikachagua *Brokeback Mountain*, ile filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Ang Lee. Kwa ambaye hajaitazama, inahusu vijana wawili, Ennis na Jack, wanaopewa kazi ya kuchunga kondoo mlimani katika jimbo la Wyoming, Marekani, kiangazi cha mwaka 1963, wanapendana huko, kisha wanaishi miaka ishirini wakiwa na wake na watoto, huku wakikutana kwa kuibia na kuaga nyumbani kwamba wanakwenda kuvua samaki.

Onyesho la kwanza limepita na limeniacha na mzigo. Ilipofika ile sehemu ya usiku wa hemani, safu ya nyuma ilianza kicheko cha puani, mtu akatupa utani, na ukumbi wote ukaangua. Kicheko kikarudi pale wawili hao wanapokutana tena baada ya miaka minne na kukumbatiana chini ya ngazi. Kisha Alma, mke wa Ennis, anafungua mlango, anaona, anaurudisha mlango taratibu, na kicheko kikakatika kana kwamba mtu amezima swichi. Tangu hapo sikukisikia tena isipokuwa mara moja, na aliyecheka alizomewa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Kando yangu alikuwa ameketi rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye hajawahi kunieleza lolote kuhusu maisha yake ya mapenzi, nami sijawahi kumwuliza. Kicheko kilipoanza aliingiza viganja vyake chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, akakaa hivyo hadi karibu na mwisho. Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye skrini, kiti chake kilikuwa tayari kitupu. Katika mjadala tulizungumzia mandhari, gitaa la Gustavo Santaolalla aliyetunga muziki wa filamu, na hata jinsi kondoo wengi kiasi kile walivyovushwa mto. Kuhusu kicheko hakuna aliyesema neno, na mimi niliyeshika usukani nilikikwepa kuliko wote.

Onyesho la pili ni wiki ijayo. Je, nitangulize maneno ya tahadhari kabla ya filamu kuanza? Je, mjadala niufungue kwa kicheko chenyewe? Na rafiki yangu, ambaye tangu siku ile tunaandikiana habari za kazi tu, nimwambie nini? Nawasilisha.

MzeeWaMitambo:

Mkuu mleta uzi, nimeendesha mitambo ya kuonyeshea filamu kwa miaka kumi na sita, na mtu anayekaa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma hatimaye hujikuta anawatazama watazamaji kuliko filamu yenyewe. Anayecheka kwa sababu amefurahishwa haondoi macho kwenye skrini, lakini anayecheka kwa haya humgeukia jirani yake papo hapo, kuhakikisha kwamba ameonekana akicheka. Nilipoonyesha filamu za namna hii niliona vichwa vikigeuka safu nzima, kulia na kushoto, na kwa dakika ile hakuna aliyekuwa akiitazama filamu. Vichwa hivyo hivyo vimewahi kugeuka katika filamu za mwanamume na mwanamke, busu likirefuka kuliko walivyozoea.

Kwa hiyo nakusihi usitangulize hotuba. Ukiwaambia watu mapema kwamba kuna mahali hawapaswi kucheka, watakaa wakipasubiri hapo mahali, na wakipafikia hawataweza kujizuia. Zima taa, anza filamu kwa wakati.

KalamuYaUsiku:

Ningependa kuongeza historia kidogo, kwa maana kicheko alichokisikia mleta mada ni cha zamani kuliko ukumbi wake. Filamu ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 9 Desemba 2005, ilikuwa katika kumbi tano tu, na siku tatu za mwanzo ziliingiza zaidi ya dola laki tano. Lakini kabla haijafika kwa watu wengi, mzaha ulikwisha kutangulia: wachekeshaji wa televisheni waliitumia kila usiku, na mtandaoni zilisambaa trela bandia zilizochukua muziki wake na kuubandika kwenye filamu nyingine. Wengi waliingia ukumbini wakiwa tayari wameshafundishwa mahali pa kucheka. Hata lile jina la dhihaka, kwamba ni filamu ya “wachunga ng'ombe mashoga”, lilitungwa na watu ambao bila shaka hawakuwa wameitazama, kwa sababu mle mlimani wanachungwa kondoo.

Majira yaleyale jumba moja la sinema katika jimbo la Utah liliiondoa kwenye ratiba saa chache kabla ya onyesho la kwanza, huku kwingineko watu wakirudi kuitazama mara ya tatu na ya nne. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 14 ilikusanya takriban dola milioni 178 duniani kote. Machi 2006 iliingia kwenye tuzo za Oscar ikiwa na uteuzi katika vipengele vinane, ikachukua vitatu, kikiwemo cha mwongozaji bora, ila ile ya filamu bora ikaenda kwa *Crash*. Mashabiki waliumia kiasi kwamba walichangishana wakalipia ukurasa mzima katika gazeti la *Daily Variety*, kuwashukuru waliotengeneza filamu. Sikumbuki mashabiki wa filamu nyingine waliofanya hivyo baada ya kushindwa.

Na kuna kundi jingine la watazamaji ambalo huwa linasahaulika, nalo ni la waliopenda mno. Annie Proulx, ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1997 ndiyo iliyozaa filamu hii, alieleza katika mahojiano kwamba alichoshwa na barua za wanaume waliomtumia hadithi yake wakiwa wameibadilisha mwisho ili uwe wa furaha, kana kwamba yeye alikosea na wao wanamsahihisha. Binafsi nawaonea huruma pande zote mbili. Nayasema haya, ndugu Mwandalizi, ili usiende wiki ijayo ukitarajia ukumbi wenye moyo mmoja. Haujawahi kuwepo kwa filamu hii.

BintiMshonaji:

Wachangiaji wote mnazungumzia hema. Mimi niliona mlango. Nilitazama filamu hii na mume wangu, na yeye alikuwa miongoni mwa waliocheka, mpaka Alma alipotokea pale mlangoni na mume wangu akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulipita. Alma anamweleza Ennis, miaka mingi baadaye wakiwa wameshaachana, kwamba siku moja kabla ya safari ya “kuvua” alifungua kikapu chake cha uvuvi na kufunga kikaratasi kwenye mwisho wa uzi wa ndoano, kilichomwomba alete samaki nyumbani. Ennis aliporudi alisema walipata samaki wengi na wakawala wote. Alma akafungua kikapu, na kikaratasi kilikuwa palepale. Uzi haukuwa umegusa maji. Fikirieni amekaa na kikaratasi kile kifuani kwa muda gani! Ukiufungua mjadala kwa kikaratasi hicho, hakuna atakayeweza kujificha nyuma ya utani, kwa sababu kila mtu ukumbini amewahi kudanganywa na mtu anayempenda, au amewahi kudanganya.

Mnyoofu77:

Sitaficha msimamo wangu: kwa imani yangu, mapenzi ya jinsia moja siyakubali, na filamu hii haikunibadilisha katika hilo. Naandika kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, si katika klabu yenu bali kwingine, na ninajua nilicheka kwa nini. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameketi kando yangu. Niliogopa kwamba nikinyamaza ataniuliza mbona nimenyamaza. Hiyo ndiyo sababu nzima, na nilipoisoma hoja ya MzeeWaMitambo kuhusu vichwa vinavyogeuka nilijiona.

Ushauri wangu ni kwamba mjadala usigeuzwe mahakama, kwa waliocheka wala kwa wenye imani kama yangu. Ukitusimamisha tujitetee, tutajitetea, na filamu itasahaulika. Tuulizwe kuhusu baba yake Ennis, yule aliyemchukua mtoto wa miaka tisa akamwonyesha maiti ya mtu aliyeuawa kwa sababu aliishi na mwanamume mwenzake. Mimi ni mzazi. Kwa hilo nina maneno ya kusema, na si ya kucheka.

KitiChaPembeni:

Mleta uzi, mimi nimewahi kukaa katika kiti alichokalia rafiki yako, hivyo nitajibu swali lako la tatu tu, hayo mengine wenzangu wameyatendea haki.

Sijui rafiki yako ni nani kwa undani, na wewe pia hujui. Tafadhali anza hapo. Huenda alikumbuka ndoa ya wazazi wake, huenda alikumbuka msiba. Lakini tuseme ni kama unavyodhani. Usimwombe radhi kwa niaba ya ukumbi, kwa kuwa kumwomba radhi ni kumwambia kwamba umeshamjua, kabla hajaamua kama anataka ujue. Usimwulize kwa nini aliondoka. Na kwenye mjadala usimtazame mada inapogusa hapo, hata kwa bahati mbaya, maana sisi tunayajua macho yale kwa mbali. Pia hakikisha hakuna anayepiga picha wala kurekodi mjadala.

Siku ile yangu, nilichoondoka nacho ni hesabu. Gizani niliwahesabu waliocheka, kwa sauti zao, mmoja mmoja, na walikuwemo wawili ambao nilikuwa nimepanga kuwaambia. Sikuwaambia, na miaka imepita. Nilimhesabu pia mmoja ambaye hakucheka. Hakufanya lolote la ziada, aliendelea kutazama filamu tu, akaniuliza tulipotoka kama nina njaa. Huyo anajua kila kitu sasa.

Mpe kazi. Mwombe aje mapema akusaidie kupanga viti.

KalamuYaUsiku:

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila nina tahadhari moja. Kutosema lolote kuna mpaka wake. Kicheko kiachwe kipite, lakini mtu akitamka tusi ukumbini, mwandaaji anapaswa kumnyamazisha palepale, kwa sentensi moja na bila mahubiri. Heath Ledger, aliyeigiza Ennis, alikataa kushiriki katika ufunguzi wa sherehe za Oscar kwa sababu waandaaji walitaka uwe na utani kuhusu hadithi ile. Jake Gyllenhaal, aliyekuwa Jack, ndiye aliyesimulia baadaye. Yeye mwenyewe, Gyllenhaal, alikuwa akiuchukulia utani kama utani tu. Watu wawili waliocheza filamu moja, na hata wao hawakulingana.

Mwandalizi:

Wanajukwaa, nimerudi kutoa mrejesho, na samahani kwa kuchelewa.

Sikutoa hotuba. Kicheko kilikuja hemani kama mara ya kwanza, kifupi zaidi, na safari hii niliyatazama makundi ya vichwa yakigeuka sawasawa na alivyosema MzeeWaMitambo. Tusi halikutokea. Mjadala niliufungua kwa kikaratasi cha kikapuni, na nilichokitarajia kwa dakika kumi kilichukua nusu saa, kwa sababu mama mmoja ambaye kwa kawaida hasemi alisimama akamlaumu Alma kwa kunyamaza, na mwingine akamjibu kwa ukali ambao sikuuelewa mpaka baadaye. Kisha tukaingia kwenye ile simu ya mwishoni, mke wa Jack anaposema mumewe alikufa kwa ajali ya tairi ilhali skrini inatuonyesha watu wakimpiga. Nusu ya ukumbi ilishikilia kwamba mke anaficha, nusu ikasema yale ya kupigwa ni hofu ya Ennis mwenyewe, aliyopandikizwa na baba yake siku ile ya maiti. Kijana aliyekuwa ameanzisha kicheko hemani ndiye aliyelitoa hili la pili. Hatukuafikiana, na muda uliisha.

Rafiki yangu alikuja mapema, tukapanga viti. Alikaa nyuma kabisa, hakuchangia lolote, na nilijizuia kumtazama. Watu walipokwisha kuondoka tulibaki tukikunja viti, akaniuliza kama niliyaangalia yale mashati mawili yaliyotundikwa pamoja. Nikasema ndiyo, Ennis anayakuta chumbani kwa marehemu Jack, lake likiwa ndani ya la Jack, bado na doa la damu kwenye mkono.

Akasema, “Na mwishoni, kwenye kabati la Ennis, je?”

Nikamwambia sikuangalia vizuri.

“Ameyabadilisha,” akasema. “La Jack ndilo lililo ndani.”

Akaendelea kukunja viti, nami nikaendelea.