Naomba ushauri: manowari zangu za angani zinafanana na za watu wengine

MchoraWaKayole:
Habari zenu wadau. Nachora hadithi ndefu ya vita vya angani, nimefika ukurasa wa 30, na hapo nimekwama. Juzi nilimwonyesha mdogo wangu manowari kuu ya adui, kazi ya wiki tatu. Akaitupia jicho mara moja tu: "Hii si ile ya Star Wars?" Iliniuma kwa sababu ni kweli. Pembetatu ndefu ya kijivu, mnara kwa nyuma. Nimefuta mara nne na mkono unarudi palepale. Waliobuni vyombo vile waliyatoa wapi maumbo yao? Na mimi mtoto wa Nairobi, bahari nimeiona mara mbili maishani, nianzie wapi?

Tai_Mweusi:
Pole ndugu yangu. Walitazama vita vya kweli. George Lucas alipokuwa akihariri filamu ile ya 1977, picha za vyombo zilikuwa bado hazijakamilika, basi akajazia vipande vya filamu za ndege za Vita Vikuu vya Pili, na mafundi wakafuata mienendo ile ile. Ndiyo maana vyombo vyake hujipinda na kupiga mbizi kama ndege, ilhali huko juu hakuna hewa ya kushika bawa. Chumba cha rubani cha Millennium Falcon, chombo cha mashujaa wa filamu hiyo, kilitokana na pua ya vioo ya B-29, ndege ya mabomu ya Marekani ya vita vile. Na yale mabomba na vibati vilivyojaa ubavuni? Wajenzi wa modeli walinunua seti za plastiki za vifaru, ndege na meli, wakang'oa vipande na kuvibandika. Fundi yeyote wa jua kali pale Gikomba angewaelewa bila kuelezwa. Wewe umechora kivuli cha kazi yao. Wao walikuwa na chuma chenyewe mbele ya macho.

Kina_Kirefu:
Naongezea. Kabla ya umbo, amua vita vyako ni vya namna gani. Gene Roddenberry, aliyebuni hadithi za angani za Star Trek kwenye televisheni, alirusha ndege za mabomu za B-17 vitani, na jina la chombo chao, Enterprise, lilikuwa la meli ya Marekani ya kubeba ndege iliyopigana Pasifiki. Lakini kipindi chao cha 1966 kiitwacho "Balance of Terror" kimejengwa juu ya mapigano ya nyambizi: manahodha wawili hawaonani, kila mmoja anakisia mwenzake yuko wapi, injini zinazimwa, watu wanabana pumzi. Chombo cha kuvizia hakiwezi kufanana na chombo cha kubeba vikosi. Cha kwanza kinataka kuwa chembamba na kimya, cha pili kinataka uwanja na milango.

Wajapani nao mwaka 1974 walitoa katuni ambamo manowari Yamato inafufuliwa na kurushwa angani kuiokoa dunia. Yamato ya kweli ilizamishwa tarehe 7 Aprili 1945 pamoja na wengi wa mabaharia wake. Mjapani akiona omo ile ikipaa, anaona msiba wa wazazi wake. Uzito wa namna hiyo huwezi kuuazima.

BintiWaAmu:
Kaka, pwani tulikuwa na mtepe. Mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari hata mmoja, na tanga lake ni mkeka. Wimbi likipiga, mwili unalegea kidogo badala ya kupasuka. Hebu fikiria manowari ya angani iliyoshonwa, inayonyumbuka kombora likilipuka kando yake! Sijaona mtu aliyeichora hiyo.

Mzee_wa_Reli:
Kijana, usisafiri mbali. Panda matatu hadi mjini, ingia Makumbusho ya Reli, uitafute Mount Gelai, nambari 5918. Ni garimoshi la aina ya Garratt, tani 252. Tangi la mvuke limening'inizwa katikati, injini moja mbele na nyingine nyuma, kwa hiyo mwili mrefu vile hukunja kona bila kuacha reli. Simama karibu na magurudumu uyachore kutoka chini. Ukitoka hapo hutarudia pembetatu.

Nyota7:
Na usiseme tuko mbali na anga. Setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota na kwingineko angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Adui wako ana jina tayari? Basi meli ya upande wa pili iite Uhuru.

MchoraWaKayole:
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Jumamosi naenda kwa Mount Gelai na daftari, mzee. Nataka meli ya adui iwe hiyo: injini mbili, moyo katikati. Ya watu wetu itashonwa. Dada wa Amu, kamba hupita wapi hasa, juu ya ubao au ndani?

BintiWaAmu:
Hutobolewa matundu kwenye kingo za mbao mbili zinazokutana, kamba ikapitishwa na kukazwa, halafu kila tundu likazibwa kwa kigingi ili maji yasipenye. Usisahau kuchora vigingi.