Unyevu unaopanda ukutani: kukata ukuta, kupiga sindano ya dawa, lipu ya simenti au chokaa?

MamaWaKatuba
Salamu kwa mafundi na wenye nyumba wote. Nyumba yetu iko Katuba, hapa Lubumbashi. Ni ya tofali za kuchoma, aliijenga baba mkwe miaka ya 1970, na tofali zimeshikana kwa bulongo (udongo wa tope), si kwa simenti. Simenti iko kwenye lipu tu, ndani na nje. Ukuta wa chumba cha watoto na ule wa barza (kibaraza) una doa linaloanzia chini kabisa. Nimepima kwa mita: sentimita 92 kutoka sakafuni, na mpaka wake umejichora kama mstari wa chai kwenye kikombe. Chini ya mstari huo rangi imevimba. Ukiigusa inabomoka, na nyuma yake kuna unga mweupe wa nyuzinyuzi, mwepesi kama pamba. Sasa ni mwezi wa nane, mvua ya mwisho tumeiona mwezi wa nne, lakini ukuta bado ni baridi ukiuwekea kiganja.

Nimeita mafundi watatu na kila mmoja kaja na lake. Wa kwanza anataka kubomoa lipu, kupiga simenti kali yenye dawa ya kuzuia maji, kisha karo (vigae) mpaka mita moja. Wa pili anataka kutoboa matundu na kudunga dawa. Wa tatu anasema tukate ukuta kidogo kidogo na kuingiza rufingi, ule utando wa lami usiopitisha maji. Jirani naye ananiambia nitafute chokaa. Sina pesa ya kukosea mara mbili. Ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

FundiWaKenya
Mama, pole. Kwa wasio wa Lubumbashi, Kenya ninayosema ni komini yetu hapa mjini. Nimejenga na kukarabati nyumba za tofali kwa miaka mingi, na ninakuomba usichague dawa kabla ya kujua ugonjwa. Ukuta unaweza kulowa kwa njia nne: maji yanapanda kutoka chini, mvua inapenya kutoka ubavuni, bomba linavuja ndani, au jasho la hewa linaganda kwenye ukuta baridi. Dawa ya moja haiponyi nyingine.

Maelezo yako yanaelekea kwenye maji ya kupanda. Ukichovya ncha ya mkate kwenye chai, chai inapanda yenyewe bila kusukumwa. Vitundu vidogo vya tofali vinafanya kazi hiyohiyo. Kwa kawaida maji hayo yanafika karibu mita moja, mara chache mita moja na nusu, kwa sababu hapo kiasi kinachopanda kinalingana na kile ambacho hewa inakikausha. Yakikauka, chumvi iliyotoka ardhini inabaki. Huo ndio unga wako.

Dalili nyingine ya kutazama ni ukungu mweusi. Ukiuona kwenye kona za juu au nyuma ya kabati, hasa mwezi wa sita na wa saba usiku unapokuwa wa baridi na madirisha yamefungwa, hilo ni jasho la hewa. Pale penye chumvi nyingi ukungu mweusi hauoti kwa urahisi.

Fanya hivi. Kata kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, ukubwa wa daftari. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, bandika karatasi hiyo kwenye doa, uzibe pande zote nne kwa utepe, na usiiguse siku mbili. Umande ukikaa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani. Ukikaa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Halafu toka nje, chimba kidogo kando ya ukuta, uone ardhi ya nje na sakafu ya ndani zinapishanaje.

Kadutu_Mlimani
Ninaandika kutoka Bukavu. Ninakubaliana na fundi, na ninaongeza jambo ambalo huku linatupotezea pesa. Nyumba zetu nyingi zimechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea udongo mpaka nusu ya kimo chake. Watu wanaona doa chini wanasema "unyevu unapanda". Haupandi. Unaingia ubavuni, kutoka kwenye udongo wa mlima uliobeba mvua. Kudunga dawa mstari mmoja chini ya ukuta wa namna hiyo ni bure, maji yanapita juu ya mstari.

Sisi tuliutenga udongo na ukuta. Tulichimba nyuma ya nyumba, tukaweka kokoto na bomba lenye matundu linaloshusha maji pembeni, na tukaacha nafasi ya hewa. Tulichimba vipande vifupi, mwezi wa saba, kukiwa kukavu. Ninawasihi wenzangu wa Kadutu na Bagira: msichimbe chini ya mteremko msimu wa mvua. Udongo wetu mwekundu ukishalowa unateremka na watu.

MamaWaKatuba
Asante fundi, asante ndugu wa Bukavu. Nimefanya yote mawili.

Karatasi ya chumba cha watoto: upande wa chumbani mkavu kabisa, upande wa ukutani matone. Ya barza ni vilevile.

Nje ndiko nilikoshangaa. Kijana wangu amechimba kando ya ukuta akakuta mistari mitatu ya tofali iko chini ya ardhi, yenye lipu juu yake kabisa. Mume wangu amekumbuka kwamba kila mwaka tulikuwa tunamwaga bulongo na vipande vya tofali uani ili kuziba madimbwi. Kwa hiyo ardhi ya nje sasa iko juu ya sakafu ya ndani kwa karibu sentimita 12. Na bomba la kufulia liko hatua mbili tu kutoka ukuta wa barza, maji yake yanakwenda papo hapo. Pia malata (mabati ya paa) hayana mfereji wa kukinga maji, mvua yote inaangukia mguuni mwa ukuta.

Chokaa_na_Tofali
Mama, hapo umeshapata nusu ya jibu, na nusu yenyewe haina gharama kubwa. Nitazilinganisha njia zako kama ninavyoziona. Nimesomea ujenzi na nyumba yetu ya Ruashi ilikuwa na tatizo hilihili.

Lipu ya simenti na karo naiweka ya mwisho. Maji hayajakatwa, yamefichwa tu. Ukuta ulikuwa unapumulia ndani na nje. Ukiuziba pande zote, maji yanapanda zaidi kutafuta pa kutokea, na mwaka ujao mstari wako utauona juu ya karo, labda mita moja na nusu.

Sindano ya dawa ni kazi nzuri kwenye ukuta unaoifaa. Unatoboa matundu ya milimita 12 kwenye kiungo kati ya mistari ya tofali, kila sentimita 10 hadi 12, unajaza krimu yenye silani (kemikali inayofukuza maji), inasambaa na kufanya vitundu vikatae maji. Lakini krimu hiyo inategemea kiungo imara cha simenti au cha chokaa. Kwenye bulongo tundu linabomoka, huwezi kujua dawa imefika wapi. Kwa ukuta wako nisingeilipia.

Kukata na kuingiza rufingi ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu unaweka kizuizi unachokiona kwa macho. Bulongo ni laini, msumeno au patasi inapita bila shida. Hatari yake ni uzito wa nyumba. Usiruhusu fundi afungue zaidi ya sentimita 60 kwa mara moja. Anakata, anaingiza rufingi ipitilize kipande cha jirani kwa sentimita 15, anashindilia simenti nzito isiyo na maji mengi, anaruka mbali na kukata kwingine. Kipande cha jirani kinasubiri mpaka simenti ishike, siku kadhaa. Chini ya mlango na dirisha aweke nguzo kwanza. Fundi akikuambia atamaliza ukuta mzima kwa siku mbili, mshukuru na utafute mwingine.

Chokaa haikati maji. Ni lipu inayoacha ukuta upumue, basi. Lakini ukishapunguza maji chini, ndiyo inayofaa kuvalisha ukuta wa tofali na bulongo. Kuna mawe ya chokaa Kakontwe, upande wa Likasi, hatuhitaji kuagiza mbali. Chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka nyembamba, na kila tabaka ulifunike kwa magunia yaliyoloweshwa lisikaushwe na jua. Vaeni glavu na mlinde macho, chokaa inaunguza.

Kampemba_Karo
Sikubaliani yote. Mimi ni fundi wa karo, na kwangu nilipiga simenti yenye dawa na karo mpaka mita moja. Mwaka wa pili huu, ndani pakavu, watoto wanaosha ukuta kwa kitambaa. Watu wanataka nyumba safi leo, si kukaa na tofali uchi miezi mingi wakingoja ukuta ukauke.

FundiWaKenya
Ndugu yangu wa Kampemba, kazi yako naiheshimu, na ninaamini ni pakavu. Nikuulize: ukuta wako una simenti nje pia, au tofali za nje ziko wazi?

Kampemba_Karo
Nje ni tofali wazi. Na barza imezunguka nyumba nzima.

FundiWaKenya
Basi ukuta wako unapumulia nje, na barza inazuia mvua isilowanishe miguu yake. Ndiyo maana unadumu. Mama amefungwa kwa simenti nje na ndani, na ardhi imepanda. Akiweka karo, maji hayana mlango. Kila mara ninapobomoa karo za namna hiyo ninakuta tofali zinakwanguka kwa kijiko. Si maji yanayozila hivyo, ni chumvi inayoganda ndani ya tofali na kuipasua kidogo kidogo.

Himbi_Goma
Sisi wa Goma hatuna tofali nyingi, tuna mawe ya volkano. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, watu walijenga upya juu ya mawe hayohayo. Nimeona faida moja: jiwe letu lina matundu makubwa, na maji hayapandi kwenye tundu kubwa kama yanavyopanda kwenye dogo. Nyumba ya mbao iliyokalishwa juu ya mawe makavu, bila udongo katikati, inabaki kavu chini. Unyevu wetu mwingi ni wa mvua ya ubavuni na wa kufunga madirisha usiku.

Kwa mama wa Katuba, fikiria mtaro wa kokoto kubwa kando ya ukuta badala ya kurudisha bulongo. Kokoto ziwe safi, zisizo na vumbi. Vumbi ndilo linalonyonya.

FundiWaKenya
Kweli kabisa. Mama, mpango wangu ni huu, na uuanze kabla mvua hazijarudi.

Kwanza shusha ardhi ya nje mpaka iwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ikiteremka kwenda mbali na ukuta. Fundi asichimbe chini ya fondasyo (msingi). Jaza ukanda wa kokoto kama alivyosema ndugu wa Goma. Utaona pia mchwa wamepungua, maana bulongo iliyoegemea ukuta ndiyo barabara yao. Hamisha bomba la kufulia, weka mfereji kwenye ukingo wa malata.

Pili, bomoa lipu yote ya simenti ndani na nje mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa doa, na uitupe mbali, usiijazie uani. Ina chumvi, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata ardhi ikikauka. Piga tofali brashi kavu kila wiki. Usizioshe kwa maji, utairudisha chumvi ndani.

Tatu, subiri. Ukuta unakauka karibu sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Wako wa sentimita 22 ni miezi tisa hivi. Chora mstari kwa penseli kila mwisho wa mwezi na uandike tarehe. Mstari ukikataa kushuka, hapo ndipo ulipie kukata na rufingi, mahali unapokataa tu.

MamaWaKatuba
Nimerudi, sasa ni mwezi wa tatu. Nisameheni ukimya.

Tulimaliza kuchimba mwezi wa tisa. Lipu ya nje ilitoka kwa mabamba makubwa, nyuma yake tofali nyeusi zimelowa kama zimetoka kwenye ndoo. Watoto tuliwahamishia sebuleni. Nilipiga brashi kila Jumamosi: wiki za kwanza nilikuwa ninajaza kopo la maziwa kwa unga mweupe, sasa haufiki hata kijiko.

Chumba cha watoto: kutoka sentimita 92 mstari umeshuka hadi 41, na mvua zimenyesha msimu wote. Harufu imekwisha, na mdogo wetu aliyekuwa anakohoa usiku amepata nafuu. Ukuta wa barza umeshuka hadi 70 tu na umesimama hapo tangu Januari, ingawa bomba tumelihamisha.

Fundi, barza nikate?

FundiWaKenya
Kabla ya kukata, fungeni bomba zote za nyumba jioni, mwandike namba za mita ya maji, mzisome tena asubuhi. Zikisogea, kuna bomba la zamani linavuja chini ya barza. Zisiposogea, kata mwezi wa sita, sentimita 60 kwa mara moja. Nitakuja kuangalia kipande cha kwanza. Chumba cha watoto kisubiri chokaa mpaka mstari ufike chini ya 15.

MamaWaKatuba
Jana saa moja jioni namba ya mwisho ya mita ilikuwa 4. Leo saa kumi na mbili asubuhi ni 9, na hakuna aliyefungua bomba. Kesho tunachimba.