Mrejesho: MX-5 kwa safari za kila siku
Wakuu nimerudi. Niliuliza kama Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, kigari cha siti mbili chenye paa la turubai la kukunja, ile ya 1989 yenye taa za kuinuka, inafaa kwenda nayo kazini kila siku, wengi mkasema nitachoka. Miezi minane sasa sijachoka, gari haifiki hata tani moja kwa hiyo injini ya lita 1.6 inatosha kabisa, na kwenye kona kila kijiwe unakisikia mkononi kwenye usukani, raha sana aisee.

Shida ilikuwa maji. Baada ya mvua nikakuta kapeti nyuma ya siti imelowa chapachapa, kumbe vitundu vya kutolea maji yanayotiririka kutoka kwenye paa la turubai vimezibwa na majani ya mti ninaopaki chini yake, nikazibua taratibu na waya laini. Kelele barabara kuu zipo. Mkuu uliyesema nianze na hivyo vitundu, asante, umeniokolea bodi isiliwe na kutu.