Nani hasa ni mfeministi kwenye karatasi ya kura?

Mpigakura_Kisauni: Kundi letu limegawanyika. Wengine wanasema mgombea mwanamke anatosha, wengine wanataka sera. Tupime vipi?

Wakili_Mtaa: Anzeni na Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala na kura za Bunge la Kenya. Kwa mbunge aliyekuwemo 2019, tafuteni 27 Februari, muswada wa theluthi mbili za jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge. Ulipata kura 174. Zilihitajika 233 kati ya wabunge 349. Hapa ndipo watu hukosea: wanahesabu waliosema "La" tu. Kubadili Katiba kunadai theluthi mbili ya wabunge wote, kwa hiyo asiyefika ukumbini ameuangusha muswada sawasawa na aliyeupinga.

BintiPwani: Nakubali, ila msidharau uwakilishi. Magavana wanawake walikuwa 3 mwaka 2017, wakawa 7 mwaka 2022. Hiyo ni hatua kubwa.

Wakili_Mtaa: Ni kubwa, dada. Lakini gavana hapigi kura Bungeni. Yeye mpimeni kwa bajeti ya kaunti: vyumba vya kujifungulia, chekechea, na fungu la makao ya waliopigwa majumbani. Linganisheni kilichotengwa na kilichotumika; ahadi nyingi hufia hapo katikati.

Mpigakura_Kisauni: Ahsante. Tutaanza na Hansadi.